Peptidi Isiyopatana na Maji

Jumatatu, 13 Januari
Winnipeg. Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Peptidi, kile kipande cha protini cha majaribio yetu, imefika! Wiki sita tumeisubiri: chupa mbili, unga kiduchu kama vumbi. Bosi wetu, Daktari Halvorson, katangaza: mimi na Odile Gauthier, kila mtu na chupa yake. Atakayeiyeyusha vizuri ndiye wa kwenda mkutanoni Montreal. Mkataba wangu unaisha Machi. Lazima niende mimi! Odile kaiacha yake mezani saa nzima, eti izoee joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Mvivu huyo. Yangu nimeifungua ikitoka tu kwenye friza.

Jumanne, 14 Januari
Unga umevuta unyevu, umeshikana kama sukari iliyomwagikiwa chai. Nimetia maji. Unaelea. Nimetikisa nusu saa. Unaelea! Odile kaniuliza kama nilisoma muundo wa peptidi kabla ya kutia maji. Peptidi hii haipatani na maji. Yeye alijaribu punje mbili kwanza, kwa kiyeyushi kingine. Halafu kachungulia chupa yangu: “Corwin, ndugu yangu, unapika supu?” Maabara nzima ikacheka.

Jumatano, 15 Januari
Mpango! Odile alipokwenda kula, nilibadilisha chupa. Jina langu kwenye yake, jina lake kwenye yangu, mwandiko nimeuiga. Kazi safi. Seli zangu hai za majaribio nikazitilia matone ya chupa hiyo mbele ya Daktari.

Alhamisi, 16 Januari
Seli zimekufa. Zote! Kumbe Odile alishagawa myeyusho wake kwenye vichupa ishirini, akavigandisha. Mle chupani kilibaki kiyeyushi kitupu cha kusuuzia, sumu kwa seli. Daktari kaniuliza, kwa upole, ndiyo mbaya zaidi, tangu lini Odile anakosea kuandika jina lake mwenyewe kwenye chupa. Nikasema labda ni baridi.

Ijumaa, 17 Januari
Odile kaenda Montreal. Nimekasirika hadi kahawa hainyweki. Na kunitetea kanitetea yeye! Kamwomba Daktari anipe nafasi ya mwisho: nivitunze vichupa vyake, nipime kimoja kila siku. Vikiyeyuka na kugandishwa tena vinaharibika. “Kimoja, Corwin. Kimoja!” Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumamosi, 18 Januari
Nimefikiri sana. Kufungua friza kila siku, vidole vife ganzi, kwa kichupa kimoja? Upuuzi. Nimevipanga vyote ishirini juu ya hita viyeyuke kwa mkupuo. Jioni nitavirudisha. Odile mwenyewe atanishukuru.