Nimelamba Ukuta wa Ngome Siku ya Posa ya Kulwa

Jamani wa karasha, mnaonisagia mawe huko Segese, leo nimepatikana. Msinipigie simu, sina nguvu ya kusimulia kwa mdomo. Nimejilaza hapa Unguja, miguu juu ya mto, naandika kwa kidole kimoja. Someni, mkimaliza nyamazeni.

Mnajua nimekuja Mji Mkongwe kumposea mwanangu Kulwa. Kwa msiojua: Kulwa ni fundi umeme kwenye hoteli moja huku, na amempenda binti anaitwa Salma. Amempenda kweli, mpaka amekonda. Baba wa Salma alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni Ami Haji, baba yake mdogo, na jibu la posa lilikuwa litolewe leo alasiri. Sasa, Ami Haji hapendi watu wa machimbo. Anasema wachimbaji leo wako Segese, kesho Mwakitolyo, na kila kambi wana mke. (Sikuweza kubisha. Ninyi wenyewe mnajijua.)

Basi juzi tuliposhuka tu kwenye boti, Kulwa akanivuta pembeni.

"Mama, nakuomba. Nimewaambia una mashine ya kusaga. Usiongelee mawe."

"Si kweli nina mashine ya kusaga?"

"Kweli. Ishia hapo hapo."

Nikaishia hapo hapo. Jana kwenye chakula Bi Rahma, mama yake Salma, akaniuliza kama tunasaga mahindi au mtama. Nikamwambia tunasaga chochote kinacholetwa. Kaka yangu Masoudi, niliyekuja naye awe msemaji wetu, akapaliwa na urojo.

Leo asubuhi mimi nilitaka kulala tu. Basi kutoka Kahama mpaka Dar, boti kutoka Dar mpaka hapa, mgongo hauna adabu tena. Lakini Bi Rahma akasema haiwezekani wageni waje Mji Mkongwe wasiuone. Utamkatalia vipi mtu ambaye alasiri unataka bintiye? Nikavaa baibui jipya, nikavaa na vile viatu alivyoninunulia Doto. (Doto, mwanangu, vinabana. Sikukuambia kwa sababu ulivinunua kwa mapenzi.)

Tukatoka. Ami Haji mbele na bakora yake, sisi nyuma. Jua la huku halichomi kama la kwetu, hili linapika. Vichochoro havina mwisho. Kila mlango una habari zake, kila nyumba ilijengwa na fulani, ikarithiwa na fulani, wakagombana. Ami Haji anaijua yote na hana haraka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukaa. Karne nzima nzima zimepita masikioni mwangu, sikushika hata moja.

Tukafika kwenye ngome ya zamani. Kuta ndefu, nene, zimeelekea baharini. Kaka Masoudi akasema anafuata juisi ya miwa, akatoweka. (Ana akili kuliko mimi.) Ami Haji akaanza kumweleza Bi Rahma habari za mizinga, kana kwamba Bi Rahma hakuzaliwa hapa. Nikaona nafasi yangu. Nikajisogeza pembeni, nikaegemea ukuta, nikavua kiatu kimoja. Raha niliyoipata siwezi kuieleza.

Ndipo nikakiona.

Kwenye ufa wa ukuta, usawa wa pua yangu, kitu kinang'aa. Kidogo tu. Nikageuza kichwa, kikang'aa tena.

Jamani, mimi nimezeekea kwenye mawe. Mtu mwingine akiona kinachong'aa anapita. Mimi mkono ulienda wenyewe. Nikachomoa pini ya mtandio, nikachokoa. Kimeng'ang'ania. Nikapuliza vumbi. Bado sikioni vizuri. Sasa ninyi mnajua jiwe kavu linavyodanganya, mpaka ulilowanishe ndipo uone kama kuna mali au hamna. Na kinacholowanisha jiwe ukiwa huna maji ni nini?

Ulimi.

Naapa sikufikiri. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anafanya alichozoea. Nikalamba ukuta wa ngome. Si kugusa, ni kulamba, kama ninavyolamba mawe pale kwangu kila siku ya Mungu na hakuna anayeshangaa. Kipande kikabanduka, kikabaki mdomoni. Nikakitemea kiganjani, nikakiinua juani, nikafumba jicho moja.

"Mama! Mama wee! Unakula ukuta?"

Mlinzi. Ana sauti ya muadhini. Watalii wote wakageuka, na mmoja alikuwa tayari ameshika simu. Bi Rahma akageuka. Ami Haji akageuka, bakora hewani. Na mimi nimesimama na kiatu kimoja, mtandio umenivuka, chokaa mdomoni, pini mkononi.

Nikasubiri wacheke. Afadhali wangecheka! Bi Rahma akanijia taratibu, macho yamejaa huruma, akanishika kiuno kama yai.

"Kaa kitako, dada yangu. Kaa. Kwa nini hukutwambia? Tungekutafutia udongo mzuri, safi, kuliko kulamba chokaa ya ukutani."

"Udongo wa nini, bibie?"

Akaniinamia sikioni. "Mwezi wa ngapi?"

Mwezi wa ngapi! Mimi! Mjane, nina mvi mpaka kwenye nyusi! Nikamtazama Ami Haji. Alishageukia upande wa bahari, anavuta uradi. Na mlinzi, Mungu amsamehe, akapaza sauti kwa watalii: "Hamna tatizo, mama mjamzito huyo!" Wakanipigia makofi.

Hapo nilikaa kwenye jiwe nikatafakari, na ninyi mnihukumu. Nikisema ukweli, nimesema mawe, na Kulwa amemkosa Salma. Nikinyamaza, mimi ni mjane mwenye mimba niliyekuja kuposa. Miguu inaniwaka. Niliwaza kabisa ninyamaze. Niliwaza, tupate jibu la posa kwanza, mengine nitajua mbele ya safari. Uchovu ni mbaya, jamani.

Kaka Masoudi akarudi na glasi za juisi.

"Kaka," Bi Rahma akamwambia kwa upole, "mpe hiyo dada yako. Hali yake hii si ya kutembezwa juani."

"Hali gani?"

Mlinzi akamjibu kabla ya sisi wote. "Mjamzito, mzee."

Juisi zilianguka zote. "Mayo! Mimba ya nani? Nasema, mimba ya nani? Mama Kulwa! Mimi nimeletwa huku kusema nini kwa watu? Nikirudi Kahama nitauweka wapi huu uso, kweli gete?"

Watalii hawakuelewa neno, lakini walielewa yote.

Nikasimama. Kiatu kimoja hivyo hivyo. Nikapaza sauti mpaka njiwa wakaruka.

"Sina mimba! Mimi mchimbaji! Nina karasha Segese, nasaga mawe ya dhahabu! Nimeona kitu kinang'aa ukutani, nimelamba nione kama ni mali! Basi!"

Nikamtazama Ami Haji, na nikaona Salma wa watu anaondoka mikononi mwa mwanangu. Iliniuma, sitawaficha. Machozi yalinitoka pale pale.

Kaka Masoudi naye hasira zilikata ghafla. Macho yake yalishuka kwenye kiganja changu.

"Kwani umepata nini? Hebu nione."

Akakichukua. Akakilamba! Mbele ya Ami Haji! Akakiinua juani, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hamna mali hapa. Halafu jiwe gani hili lina minti?"

Mlinzi akasogea, akachungulia. "Hiyo bigijii, mzee. Wageni wakishatafuna wanabandika humo na karatasi yake ya kung'aa. Kila siku tunabandua."

Sitaandika alichofanya Kaka Masoudi baada ya hapo. Mimi niliomba maji.

Na Ami Haji? Alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, mpaka kofia ikaanguka, mpaka akakaa kwenye jiwe langu. Alipopata pumzi akaniuliza, "Kwa hiyo mashine si ya unga?"

"Unga upo, Ami. Ila wa mawe."

Akaanza upya.

Alasiri tulikaa ukumbini. Sikuinua uso. Ami Haji akasema hivi, namnukuu: "Pale ngomeni kwa dakika chache nilidhani mwanetu anakwenda kwa mama mkwe mjamzito asiye na mume. Nilipoambiwa ni mchimbaji tu, nilimshukuru Mungu. Posa tumeikubali." Sharti lake ni moja, Salma akae huku huku Unguja, asipelekwe kambini. Bi Rahma akapiga kigelegele. Kisha akaniletea sahani ya halua, na pembeni kakipande ka chokaa. Utani umeshaanza.

Kulwa amekuja sasa hivi kunibusu mkono. Ana furaha mpaka nimesahau miguu. Lakini mlangoni akageuka.

"Mama, nilikuambia usiongelee mawe. Sikujua nikuambie na usiyalambe."

Basi, hayo ndiyo ya leo. Namwona mtu tayari anaandika hapo chini. Kabla hujatuma, kumbuka karasha ni yangu. Atakayecheka, mawe yake atayasaga kwa meno.