Mti wa Ummi na Mafuta ya Papa

Jumatatu, 5 Januari 2026
Binti yangu Sabah, aliyekuja juzi kutoka Ureno, kavuka kwenda kisiwani Chula kuwaona shangazi zake. Atarudi Alhamisi. Kaniachia mti wa mamake: kimo cha goti, ndani ya ndoo, wenye yale majani magumu ya kutia kwenye pilau. Marehemu Ummi aliuotesha mwenyewe barazani kwao Ureno, alikoishi na Sabah. Sikumzika mke wangu; kazikwa huko huko. Mti huu ndio kaburi nililonalo.
Sabah kasisitiza: kivulini, maji kidogo, na Baba, usiuchezee. Shemeji yangu Fumo, kakake Ummi, kataka uhamie kwake chini ya mwarobaini. Thubutu! Umetoka kwenye baridi, unataka jua. Nimeuweka katikati ya ua.

Jumanne, 6 Januari
Wadudu! Vigamba vya kahawia chini ya majani. Fumo kasema nivifute kwa kitambaa na maji ya sabuni. Nimecheka. Mimi, niliyeunda mashua kisiwani Chovai, nifundishwe wadudu wa mti? Ubao hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na hakuna dudu linaloutafuna. Nimeupaka wote, shina na majani, mara mbili. Unang'aa! Unanuka pia, lakini hata mashua hunuka.

Jumatano, 7 Januari
Paka wa mtaa mzima wamehamia kwangu. Mmoja kavunja tawi. Nawafukuza kwa kandambili tangu asubuhi. Majani yamebabuka kwa jua. Jirani Mzamil kauliza kuna nini, nikamwambia mti unajiandaa na baridi. Hapa Kismayo, huku jasho linanitiririka!
Jioni nimeunusa nipate harufu ya Ummi. Nimepata papa. Nimelia.

Alhamisi, 8 Januari
Majani yote chini. Nimechuma ya mlimau wa Fumo bila kumwambia, nimeyafunga kwa uzi, moja moja. Kwa mbali ungeapa ni yake!
Sabah karudi. Kafikicha jani, kanusa, kakaa chini mchangani. Nikawalaumu paka, kisha Fumo. Kasema, Baba, basi. Neno dogo hilo limenichoma mpaka ndani.

Ijumaa, 9 Januari
Asubuhi Sabah kanishika mkono mpaka kwa Fumo. Chini ya mwarobaini, mti wa pili, mbichi, mzima! Alikuja na miwili. Kasema kwa upole kwamba huu alimpa mjomba wake tangu mwanzo, kwani mamake alimuusia: babako ana mapenzi, hana subira. Yaani kule kitandani kwake Ummi bado alinitaja! Nimelia mbele ya shemeji bila haya. Fumo kaniambia nije kila siku, nikae na mti nitakavyo. Mchu mwema, mtu wa watu, wallahi.
Lakini pale pana giza. Ummi wangu, gizani, na uani kwangu jua tele! Fumo huwahi msikitini, husali safu ya mbele. Mkokoteni wa Mzamil nimeshauazima. Leo nitasali safu ya mwisho, karibu na mlango, nitoke kabla yake, Mungu anisamehe.