Nilivyowavizia Wadudu wa Mguuni

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mguu umejaa usaha. Ijumaa nilijikata ugokoni kwa jembe nikichimba udongo wa kukandika nyumba. Tarehe kumi na sita wakwe wanatoka Nabuyoga kumposa mjukuu wangu Juliet. Nesi Ritah kanipa vidonge vya siku saba, vinne kwa siku, nimalize vyote. Taaka, mke mwenzangu, kaja kunipa pole. Pole gani! Kauliza kama aanze kujifunza nyimbo za kupokea wageni mlangoni, maana bibi aliyelala hapokei mtu.

Nitapona. Nitacheza hadi aone aibu.

Jumatano, 6 Agosti
Maumivu yamepungua. Wakati wa kubadilishwa bandeji nimemuuliza Ritah dawa inauaje. Kasema bakteria ana ukuta. Akitaka kuwa wawili hurefuka, hujenga ukuta mpya katikati, hugawanyika. Dawa inauharibu huo ukuta usishikane, mdudu anapasuka. Na asiyejenga? Huyo kalala, dawa haimwezi. Ndiyo maana nimeze bila kuruka, akiamka aikute.

Nimekandika kuta miaka hamsini. Nimeelewa kuliko yeye. Mvua inaangusha ukuta mbichi, uliokauka inauosha tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Sijalala, nimepata mbinu! Kwa nini niwapotezee dawa waliolala? Naacha kumeza siku tatu. Watadhani nimesahau. Waamke wote, waanze ujenzi, halafu nawamwagia vyote kumi na sita kwa mpigo. Shule sikukanyaga, herufi nimefundishwa kanisani uzeeni, lakini akili ninayo.

Jumapili, 10 Agosti
Wameamka. Wamejenga mji mzima. Mguu hauingii kwenye kandambili, mwili unatetemeka. Vidonge vyote viganjani, maji tayari. Taaka akaingia, akavipokonya. Akanipandisha bodaboda, akanishika kwa nyuma kama mtoto, akanitukana njia nzima. Tulipofika kwa Ritah akaanza kulia.

"Ukifa, mimi nitagombana na nani?"

Nikamfuta machozi kwa kanga yangu. Mimi!

Jumatatu, 11 Agosti
Sindano. Vidonge vipya vya siku saba. Ritah kaniuliza, "Jaja, bibi yangu, ulikuwa unawatibu wadudu au unawafuga?" Kaamuru vidonge akae navyo Taaka. Fedheha. Nikimeza, ananifunua mdomo, anachungulia hadi chini ya ulimi.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimesimama mlangoni kwa miguu miwili! Nimeimba, nimecheza, Taaka pembeni yangu, sauti yake mbaya kama kawaida. Juliet kalia kwa furaha.

Lakini Provia, shangazi wa mchumba wa Juliet, alikohoa tangu chai hadi kuku. Mkwe akohoe hivyo kwangu, nimtazame tu? Taaka alipokwenda kupakua wali nikaingia chumbani kwake. Vidonge vilibaki sita. Vyangu, siyo vyake. Nikamfumbatisha Provia vyote, nikamnong'oneza ameze viwili, halafu atulie kwanza mpaka wadudu waanze kujenga.