Kompyuta ya Bei Mbaya na Jeneza la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeinunua! Kompyuta ya bei mbaya, nyembamba kama sinia, mgongo wa chuma kinachong'aa. Ili kuipata nimeuza mashine ya randa. Muuzaji amenihakikishia kwamba zile za bei nafuu ni za watu waliokata tamaa. Mimi sijakata. Fundi majeneza gani mtaani ana kitu kama hiki? Si Chaki wa ng'ambo ya barabara, anayeandika vipimo kwa chaki juu ya ubao, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mke wangu kauliza mbao tutazilainisha na nini. Nikamjibu mteja wa siku hizi hanunui mbao, ananunua picha. Akabaki kupatazama pale mashine ilipokuwa.

Jumatano, 5 Machi
Mteja wa kwanza! Mjane, macho mekundu. Nikamzungushia jeneza kwenye kioo cha kompyuta: ubavu, kifuniko, rangi zote. Akalia. Nikadhani ni uzuri. Kumbe anauliza lipi liko tayari. Hakuna lililo tayari. Akavuka barabara. Chaki kampokea kwa kiti na maji ya kunywa. Mnafiki!

Ijumaa, 7 Machi
Vumbi la mbao limeingia kwenye vitufe. Herufi A haitoki. Nimeihamishia chumbani, inalala upande wangu wa kitanda, mimi nimesogea ukingoni. Jirani yetu mwalimu kaja kuiona. Kasema yake ni ya robo ya bei na inachora vilevile. Nikamwambia yake ni plastiki. Akaniuliza kama marehemu anajua tofauti. Wivu ni ugonjwa.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe amefariki alfajiri. Mzee huyu ndiye aliyenipa nyundo yangu ya kwanza, na baadaye binti yake. Mke wangu amekaa sakafuni, halii. Sikujua nimwambie nini, basi nikatangaza kwamba jeneza nitaliunda mwenyewe. Shemeji, kaka yake, akauliza kwa mashine ipi. Nikamwambia asubiri aone.

Jumatatu, 10 Machi
Nimechora tangu asubuhi. Jeneza la kifalme! Shemeji alinisihi niende chumba cha maiti nikampime mzee. Nikamjibu kompyuta ya bei hii haikosei: nimeipa picha ya mzee, nayo ikanipa urefu. Kwenye picha mzee amekaa kitini, lakini hilo ni jambo dogo. Baadaye nimepiga randa kwa mkono. Malengelenge! Mbao bado zina vibanzi.

Jumanne, 11 Machi
Hakuenea.
Tukaanza na kichwa, tukaanza na miguu. Waombolezaji wamesimama mlangoni, wabebaji wananyonya vidole vilivyochomwa na vibanzi. Nikapendekeza, kwa sauti ya chini, tuyainue magoti kidogo. Mke wangu akasema mbele ya wote: "Baba hakuwahi kukukunjia uso hata siku moja. Leo wewe unataka kumkunja miguu?"
Chaki akaja na jeneza begani, yeye na wanawe. La kawaida tu, laini. Hakudai kitu. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Mzee tumemzika ndani ya kazi ya Chaki. Makaburini nililia mpaka shemeji akanishika mkono, halafu akakumbuka mkono ni wa nani, akauachia.

Alhamisi, 13 Machi
Mke kabaki kwa mama yake pamoja na watoto. Katuma salamu kwamba atarudi siku randa itakaporudi. Nyumba imepwaya. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.
Nikaibeba kompyuta kumrudishia muuzaji, kwa nia njema kabisa. Kasema iliyotumika hairudishwi. Ila yeye, peke yake kati ya walimwengu wote, alinisikiliza kisa changu hadi mwisho, na kosa akaliona papo hapo: nilichukua yenye kioo kidogo! Kioo kidogo, jeneza dogo. Ningekuwa na ile kubwa, mzee angeenea na nafasi ya kujigeuza ingebaki. Yuko tayari tubadilishane, mradi niongeze kidogo tu.
Bado nina msumeno wa umeme. Chaki ameshakuja kuutazama.