Pazia la Pilato

Jumatatu, 7 Aprili
Miaka mitano Lazare ndiye Pilato katika igizo la Pasaka la kanisa letu hapa mtaani St Marys. Miaka mitano mimi ni umati. Mwaka huu hapana. Mchungaji anatafuta mtu wa kuchora pazia la nyuma, jumba la Pilato. Nimejitolea. Aliyechora jumba watamnyimaje kiti chake?

Jumanne, 8 Aprili
Bahati hiyo! Duka la mitumba, mji wa jirani wa Penrith: kalenda kuukuu ya mchoraji Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria, Ambrose Tilworth. Roma tupu, Januari hadi Desemba. Marumaru yake unatamani kuyagusa. Nimechagua Agosti: nguzo, ngazi, maua. Kasoro moja. Wanawake sita wamejilaza kando ya bwawa la kuogea, wanakunywa mvinyo, na nguo hawana.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimewavisha. Kuwafuta kungeharibu marumaru. Nimeiga kitenge kilichokuwa karibu, cha mke wangu Bénie, kile cha samawati chenye njiwa, sare ya umoja wa wamama kanisani. Nyuso nimezipaka rangi yetu, maana Warumi weupe walionekana wagonjwa. Bénie akauliza kama mchungaji ameiona. Nikamjibu sanaa haionyeshwi ikiwa mbichi. Akaguna tu.

Jumapili, 13 Aprili
Tumefungua pazia baada ya ibada. Mama Médiatrice, mwenyekiti wa umoja, akahesabu kwa kidole. Sita. Kamati yao ni wamama sita. Akauliza yule mnene mwenye vikombe viwili ni nani. Nikasema ni Mrumi. Akasema mbona Mrumi amevaa sare yake. Mama Cécile akataka kujua ni lini nilimwona akioga. Lazare alicheka mpaka akakaa chini. Mchungaji amenipa hadi Alhamisi niwaondoe wale wamama, la sivyo hata kwenye umati simo. Bénie haniongeleshi. Nimeumia, kweli nimeumia.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimetafakari, na nakiri kosa: nilikosea kuchagua nguo. Sasa nawageuza wanaume. Ndevu kidogo, kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kama wa mashemasi wetu. Bwawa libaki, mvinyo ubaki, Tilworth alijua kazi yake. Wa katikati nimempa upara na miwani ya mchungaji mwenyewe. Akijiona amestarehe hivyo Roma, Upilato ni wangu.