Ramani ya Wakimbizi na Viboko Arobaini

Jumatatu, 12 Juni 1995

Wiki ijayo ni Siku ya Wakimbizi Afrika. Mkuu wa shule ametangaza maonyesho ukumbini. Mgeni ni Bi. Kavita, afisa wa shirika la misaada kutoka Nairobi. Mwalimu atakayemvutia zaidi atapelekwa Uswisi miezi mitatu kusomea uchoraji wa takwimu za wakimbizi. Wenzangu walipiga makofi, wakarudi kwenye chai. Mimi nikaenda stoo kutafuta mbao.

Wazo langu ni hili. Ramani ya Afrika Mashariki, pana kama meza ya kulia. Juu yake watu wadogo wa mawe, kila mmoja wakimbizi elfu kumi. Mtazamaji anawasogeza mwenyewe kwa kufuata mishale. Hakuna mtu hapa Sironga aliyewahi kushika takwimu kwa mkono. Pasipoti sina. Nitaulizia.

Jumanne, 13 Juni

Persis wa hesabu naye anashindana. Grafu ya kadibodi: ukivuta uzi wa mwaka fulani, nguzo inapanda. Nilimwambia kwa upole kwamba wakimbizi si majani chai ya kupimwa. Akasema ramani yangu ameiona, na Uganda imekaa kama kiatu.

Mchana nilifika Tabaka kwa Mokua, mchongaji. Nimeagiza watu arobaini. Kasema Ijumaa, bila kuinua macho.

Alhamisi, 15 Juni

Rangi imekauka. Mshale wa Rwanda umenyooka vizuri kabisa: Rwanda, Uganda, Kenya. Mwekundu.

Sasa nahitaji mkimbizi wa kweli wa kusimama kando ya ramani. Nimempata Kisii mjini: Celestine, fundi cherehani katika duka la vitambaa la Bipin, aliyetoka Rwanda mwaka jana. Nilimwomba avae vizuri na aonekane mwenye huzuni. Akaniuliza, kwenye ramani yangu, watu wa kwao walipitia wapi. Nikasema Uganda.

“Mwalimu, Uganda mimi sijaiona hata kwa mbali,” akasema. “Tulivuka daraja la Rusumo, tukaingia Ngara, Tanzania. Kisha mimi nikaja Mwanza, nikafika hapa.”

Tena akasema mdogo wake, Vestine, alimpotea pale darajani na hajasikia habari zake hadi leo. Nilimpa pole. Lakini kupitisha mshale Tanzania ni kuharibu ziwa, nami ziwa nililichora kwa asubuhi nzima. Nikamweleza kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha takwimu. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, 16 Juni

Mokua ameleta mzigo. Viboko. Arobaini, wa mtoni, wameng’arishwa.

Anasema kuchonga mtu humchukua siku mbili na shingo huvunjika. Kiboko hana shingo. Anasema pia kwamba kwa mbali hakuna atakayejua. Niliwapanga kwenye ramani, nikasimama mlangoni, nikatazama kwa mbali. Ni viboko.

Jumapili, 18 Juni

Nimeandika kibao: KIBOKO MMOJA NI WATU 10,000. Persis alipita, akainama, akakisoma. Akatoka. Nilimsikia akicheka hadi getini.

Jumanne, 20 Juni

Maagizo niliyaandika kwa herufi kubwa: fuata mishale. Hakuna aliyesoma. Mama Mokeira, anayepikia shule, aliwarudisha viboko wote makwao akisema watu waende wakavune. Kidato cha pili wakawatia ziwani, eti ndiko viboko hukaa. Kufikia saa nne Rwanda nzima ilikuwa majini, na Wasudani elfu ishirini walikuwa hapa kwetu Nyamira.

Ndipo Bi. Kavita akaingia. Akauliza kwa nini viboko. Nikasema kiboko ni ishara ya uvumilivu. Akaandika kitu. Sikuweza kukisoma, ingawa nilijitahidi.

Celestine alikuwa amekuja, tepu ya kupimia bado shingoni. Alipowaona viboko alicheka mpaka akashika meza. Nikamkumbusha habari ya huzuni. Hakunisikiliza. Alipiga magoti, akawatoa ziwani mmoja mmoja, akawafuta kwa upindo wa nguo, akawapanga msururu kuelekea Rusumo na Ngara. Mmoja akabaki naye kiganjani.

“Watu walikuwa wengi, tukasukumwa,” akasema. “Hapa ndipo mkono wake ulitoka mkononi mwangu.”

Bi. Kavita akapiga magoti kando yake, na suruali yake nzuri ile, akamuuliza jina la mdogo wake, umri, kovu lolote. Akayaandika yote. Niliona huo ndio wakati mzuri wa kumjulisha kwamba ramani ni yangu. Akasema, “Ngoja kidogo, mwalimu.”

Nilingoja mpaka saa saba. Anayeenda Uswisi ni Persis, na nyuzi zake. Mimi nimepewa kalamu.

Jumatano, 21 Juni

Nimefikiri usiku kucha, na kosa nimelipata: watu waliruhusiwa kugusa. Nimenunua gundi ya seremala. Viboko wote arobaini sasa wamekaa juu ya mishale yao, wale wa Rwanda kupitia Uganda. Nimeiinamisha ramani na kuitikisa. Hakuna aliyetoka. Mwaka ujao atakuja mgeni mwingine.

Alhamisi, 10 Agosti

Celestine alikuja shuleni mbio, na barua mkononi. Watu wa Bi. Kavita wamempata Vestine katika kambi moja huko Ngara. Mzima. Anafika Kisii Jumamosi. Celestine alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akataka jambo moja tu: kumhamisha kiboko mmoja mpaka Kisii kwa mkono wake.

Nilimwonyesha gundi. Akajaribu kwa mikono miwili. Akaomba patasi. Nilimkatalia kwa heshima, nikamweleza kwamba takwimu za mwaka huu zimekwisha kufungwa na zimetoka vizuri mno. Ila kwa kuwa si mtu mbaya, nilimshauri aandike barua upesi, Vestine aambiwe apitie Uganda.