Mamba wa Mwadingusha na Mihuri Yangu Mitano

Likasi, komini ya Panda

Kwa Papa Firmin, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuhakiki Karata Adimu

Papa mheshimiwa,

Kwanza pole na kazi, na pole kwa ule mguu. Mimi ni Mama Germaine, mwenye kushika muhuri ofisini kwa komini miaka ishirini na miwili sasa. Binti yangu Jessica ndiye aliyewabwaga wote kwenye mashindano ya karata ya Pasaka, akapewa zawadi ya Mamba wa Mwadingusha, karata yenye picha ya mamba ambayo ilichapwa moja tu duniani. Niliwaletea muihakiki, iwekwe kwenye maonyesho ya Jumapili hii kwa jina lake. Mmeirudisha na neno kubwa: bandia. Eh, Papa Firmin! Bandia? Nalalamika hivi:

1. Mnasema mihuri imeiharibu. Toka lini? Hapa kwetu mtoto hajazaliwa mpaka muhuri, bibi wa ndoa si bibi mpaka muhuri, na marehemu mwenyewe anangoja muhuri ndipo azikwe. Mamba nilimpiga mitano, miwili tumboni. Nikatia sahihi mkiani, nikabana picha ya Jessica kwa pini, kisha nikamfunika plastiki ya moto asiingiwe na maji.

2. Mlimpima kwenye mzani mdogo na kummulika kwa taa, kama madini ya Kakanda. Hata jina la baba yake hamkuuliza.

3. Sheria yenu inataka karata isiyoguswa na mkono. Sasa Jessica angeipokea zawadi yake kwa nini, kwa pua?

4. Hili ndilo limenichoma. Adolphe, jirani yetu, mmempa alama tisa kwa kumi kwa Mamba huyo huyo! Karata ni moja duniani, Papa. Juu ya yangu nimeandika "sawa na ya asili", kama ninavyothibitisha hati zote ofisini. Ya Adolphe haina hata tone la wino. Minye niliona na macho yangu, minye iko na mihuri tano, yeye iko na nini? Samahani, hasira ilishika kalamu, Kiswahili cha nyumbani kikatoka.

Tangu jana Jessica ameziba uso kwa kitambaa, mabega yanatikisika. Mtoto analia, na mimi ni mama.

Kwa hiyo naomba Adolphe atolewe kwenye maonyesho. Mamba wangu apewe kumi na moja: kumi ya urembo, moja ya sheria. Tena karata zote za Likasi ziletwe ofisini kwangu ndani ya siku thelathini zipate cheti cha kuzaliwa, na zilizochanika, cheti cha kifo.

Nisalimie Mama Hélène, watoto, na kamati nzima. Hata Adolphe, lakini yeye kidogo.

Wenu katika wino na haki,
Mama Germaine
(muhuri, muhuri)

N.B. Jessica amesoma barua hii akaanguka chini. Kumbe hakuwa akilia, alikuwa akicheka! Kikulacho ki nguoni mwako. Niliyoipiga mihuri ni kopi ya rangi aliyoitoa kwa Dodo wa fotokopi, kwa kuogopa mkono wangu. Ya asili alimpa Adolphe awaletee kwa siri. Na mimi niliandika "sawa na ya asili" bila kuiona ya asili. Yesu wangu! Papa, ile tisa ibaki, ila jina liwe la Jessica. Na mpaka Jumapili ipite, msiniruhusu kuikaribia hiyo karata. Najijua. Jana tu nimepokea wino mpya.